Kumtambua Anayevizia Mahali Kabla ya Shambulizi: Mwongozo Kamili kwa Walinzi, Watu wa Mapokezi na Kila Mwenye Macho

Mwishoni mwa mwaka 1993, Ali Mohamed, aliyewahi kuwa sajenti katika jeshi la Marekani, alikwenda Nairobi kwa kazi aliyopewa na Osama bin Laden. Alipiga picha majengo, akachora ramani, akaandika ripoti. Oktoba 2000, mbele ya mahakama ya New York, alikiri mwenyewe kwamba picha zile zilipelekwa Khartoum, na kwamba bin Laden aliitazama picha ya ubalozi wa Marekani akaonyesha mahali ambapo lori lingeweza kupita. Lori lenyewe lilifika tarehe 7 Agosti 1998, likiwa na bomu. Nairobi peke yake walikufa watu zaidi ya 200, wengi wao Wakenya waliokuwa kazini au wanapita njia.

Kati ya ile kamera na lile lori kuna karibu miaka mitano. Nimekaa lindo, kisha nikafundisha wanaokaa lindo, na kila ninapoanza somo hili naanzia hapo, kwa sababu ya jambo moja: ilibidi aje. Hakuna anayeshambulia mahali asipopajua. Kabla ya siku yenyewe, mtu huyo husimama mbele ya geti lako, kwa miguu au ndani ya gari, na kutazama. Wakati huo bado hana silaha mkononi, nawe unaweza kumwona.

Polisi nao hupeleleza, na mwandishi wa habari pia hupeleleza, kwa hiyo humu nitamwita mtu huyu mviziaji ili tusichanganye.

Hatua ya 1: Elewa anakuja kutafuta nini

Shambulizi lina safari yake: kuchagua mahali, kuvizia, kupanga, kutafuta vifaa, kufanya mazoezi, kisha kutenda. Sehemu kubwa ya safari hiyo hupita ndani ya vyumba vilivyofungwa, mbali na macho yako. Inapofika kuvizia na kufanya mazoezi, hawana budi kutoka nje.

Waliolipua mabomu katika usafiri wa London tarehe 7 Julai 2005, wakaua watu 52, walitanguliza safari ya majaribio. Tarehe 28 Juni watatu kati ya wale wanne walisafiri hadi London na kupita vituoni, na kamera zikawanasa. Picha hizo zilipatikana baada ya maafa.

Anachotafuta mviziaji ni majibu ya maswali machache: Watu hujaa saa ngapi? Nani hukaguliwa na nani hupita bila kuulizwa? Zamu hubadilishwa saa ngapi, na dakika hizo geti hubaki na nani? Magari makubwa hupitia wapi? Ukiyajua maswali yake, utajua pa kumtafutia. Atakuwa karibu na mahali ambapo majibu hayo yanaonekana.

Hatua ya 2: Jifunze siku ya kawaida

Watu wengi huruka hatua hii, na bila hiyo zinazofuata ni kubahatisha. Huwezi kuona kilichozidi kama hujui kilichopo.

Chagua nyakati tatu tofauti za siku na siku mbili tofauti za juma. Kila wakati simama dakika ishirini, usifanye kitu kingine, andika unachokiona: gari la takataka, dereva anayesubiri bosi wake, wanafunzi wanaokatiza njia, mzee anayekaa kivulini kila mchana. Baada ya juma moja utashangaa jinsi mahali unapopita kila siku palivyo na ratiba yake. Mzee wa kivulini akikosekana utajua. Na mtu mpya akikaa pale pale alipokuwa akikaa mzee, utajua pia.

Waulize wanaopajua kuliko wewe. Mfagizi, muuza magazeti na mama anayepanga bidhaa zake mbele ya geti huyaona mambo kwa saa kumi wakati wewe unayaona kwa dakika kumi. Tarehe 1 Mei 2010, katika eneo la Times Square huko New York, waliogundua gari linalofuka moshi lililokuwa na bomu walikuwa wachuuzi wa barabarani. Walimwita askari aliyekuwa karibu, watu wakaondolewa, na hakuna aliyekufa.

Hatua ya 3: Tazama mahali pako kwa macho ya mgeni

Toka nje ya geti, vuka barabara, ugeuke. Zunguka eneo lote na uweke alama kila mahali ambapo mtu anaweza kuona lango, maegesho au mlango wa kupokelea bidhaa, na papo hapo awe na sababu ya kukaa. Kituo cha basi kinampa mtu sababu. Benchi, kibanda cha chai na gari lililoegeshwa kihalali vyote vinampa sababu. Ukuta mtupu haumpi.

Sehemu hizo huwa chache kuliko unavyodhani, tatu au nne kwa kila lango. Zichore kwenye karatasi, zipeni majina ambayo zamu zote zinayajua, na kila mlinzi azipitishie macho mara kadhaa kwa saa. Kazi ya kutazama dunia nzima haiwezekani, lakini kutazama sehemu nne kunawezekana.

Hatua ya 4: Zijue dalili

*Picha na video.* Karibu kila mtu ana kamera mfukoni, na wengi wanaopiga picha majengo wanapenda majengo tu. Angalia kamera inaelekea wapi. Mtalii hupiga picha ya mnara, ya mandhari, ya mwenzake akitabasamu. Jiulize maswali ukiona mtu anapiga picha kamera za usalama, kitasa cha mlango wa dharura, kizuizi cha magari, au namna walinzi wanavyokagua gari. Vilevile mtu anayejifanya anazungumza na simu huku ameishika wima kifuani na kugeuka taratibu.

*Kupima na kuandika.* Mtu anayehesabu hatua kati ya barabara na mlango, anayetazama saa kila gari linapoingia, au anayechora.

*Kupima ulinzi.* Dalili hii naiogopa kuliko zote, na ndiyo inayopuuzwa zaidi kwa sababu huja ikiwa na sura ya usumbufu mdogo. Mtu anaingia mlango wa wafanyakazi, akisimamishwa anasema amepotea. Begi linaachwa mapokezi, na mwenyewe yuko mbali akitazama nani atalifuata na baada ya muda gani. Kengele ya hatari inalia bila moto. Gari linaegeshwa palipokatazwa, dereva anakaa ndani mpaka aambiwe aondoke, kesho linarudi. Tukio moja la namna hii ni la kawaida. Likijirudia, kuna mtu anayejifunza mnavyoitikia.

*Maswali.* Mazungumzo mazuri yanaanza kwa hali ya hewa, yanaishia kwenye idadi ya walinzi wa usiku. Mviziaji mwenye subira hatakuuliza moja kwa moja. Atasema jambo la uongo ili umsahihishe: "Nadhani hapa hamna walinzi siku za sikukuu." Binadamu hupenda kusahihisha, nawe unamjibu, "Ah, wapo, wanne." Umeshampa. Funza wafanyakazi jibu moja la adabu: "Hayo yanajulikana na ofisi ya usalama, nikupeleke kwao?" Mwenye nia njema atakubali au atacheka na kuacha.

*Kisingizio kilichopwaya.* Kila mviziaji ana hadithi ya kueleza kwa nini yuko pale. David Headley, aliyepeleleza Mumbai kabla ya mashambulizi ya Novemba 2008, alifungua ofisi ya shughuli za uhamiaji katika mji huo. Alisafiri huko mara kadhaa kati ya 2006 na 2008, akapiga video hoteli ya Taj Mahal na sehemu nyingine, hata akapanda boti kutazama pa kutia nanga. Januari 2009 aliingia katika ofisi za gazeti moja nchini Denmark kwa kisingizio cha kutaka kutangaza biashara hiyo hiyo. Kisingizio cha namna hiyo ni kigumu kukigundua, lazima tukubali. Lakini wengi hawana subira ya Headley. Fundi aliyevaa sare hajui anatengeneza nini. Mwombaji kazi hajui anaomba kazi gani. Viatu havilingani na kazi anayodai kufanya. Mtu anayesubiri basi anaacha mabasi matatu yapite.

*Droni.* Ikipita juu mara moja huenda ni ya mtoto au ya mpiga picha za harusi. Ikining'inia juu ya paa, juu ya kituo cha jenereta au juu ya njia ya magari, andika saa na upande ilikotoka, kisha utafute mwendeshaji kwa macho. Mara nyingi hayuko mbali.

*Ndani na mtandaoni.* Mfanyakazi anayeomba funguo zisizomhusu, au simu inayouliza jina la mkuu wa usalama. Hapa nitagusia tu, ila ondoeni kwenye mitandao picha za wafanyakazi wanaoonyesha vitambulisho vyao vya kazini. Picha moja ya "siku yangu ya kwanza kazini" inatosha kumwonyesha mtu kadi yenu ilivyo.

Hatua ya 5: Pima kwa mizani minne

Dalili peke yake haitoshi. Watu wa fani hii hupima mambo manne: wakati, mahali, umbali na mwenendo. Umemwona mtu yule yule zaidi ya mara moja, kwa nyakati tofauti? Umemwona katika sehemu tofauti ambazo hazina uhusiano ila wewe au jengo lako? Kuna umbali kati ya sehemu hizo kiasi kwamba kukutana kwa bahati ni kugumu? Na mwenendo wake, je, anageuza uso unapomtazama, anaanza kutembea unapotembea, anasema na mkono mdomoni?

Kumwona mtu mara mbili kwenye kituo kimoja cha basi ni jambo la kila siku. Kumwona Jumatatu kituoni, Alhamisi kwenye gari nyuma ya jengo, na Jumamosi akiwa "fundi" ni jambo la kuripoti leo hii.

Sura, mavazi, dini, kabila na lafudhi havimo katika mizani hii, na havimo kwa makusudi. Ali Mohamed alivaa sare ya jeshi la Marekani. Headley alikuwa raia wa Marekani aliyebadilisha jina la kuzaliwa ili asafiri bila kutiliwa shaka. Anayechunga kanzu na hijabu atawadhulumu majirani zake wema kila siku, na siku mviziaji atakapokuja na suti, atamfungulia mlango. Kosa la kumdhania mtu vibaya lina gharama ya damu pia: tarehe 22 Julai 2005 polisi wa London walimpiga risasi na kumuua Jean Charles de Menezes, fundi umeme kutoka Brazili, wakidhani ni mtu mwingine. Hakuwa na hatia yoyote. Andika alichofanya mtu, usiandike unavyomwona alivyo.

Hatua ya 6: Msalimie

Silaha yako ya kwanza ni salamu, na sisi tumelelewa nayo. Msogelee mtu kwa heshima, ukiwa na mwenzako anayekuona, useme: "Habari za mchana, ndugu. Karibu, kuna mtu unamsubiri nikusaidie?"

Aliyepotea atafurahi. Mpiga picha atakuonyesha picha zake bila kuombwa. Mviziaji atajua jambo moja ambalo hakutaka kulijua: ameonekana, uso wake umeshikwa. Wengi hawarudi tena, maana mahali panaposalimia ni mahali panapotazama. Kama ni mtu mzima kuliko wewe, muamkie kwanza. Anayeamkiwa kwa adabu hana cha kulalamikia, na majibu yake utayasikia vizuri zaidi.

Ishia hapo. Usimshike, usimnyang'anye simu, usimtake afute picha. Mahali pengi kupiga picha barabarani si kosa, na mlinzi hana mamlaka ya polisi. Kama kuna silaha, au mtu ana ukali, au nafsi yako inakukataza, acha salamu, rudi nyuma, piga simu.

Hatua ya 7: Andika

Katika jengo moja nililofanya kazi, mtu yule yule alionwa na zamu tatu tofauti ndani ya majuma mawili. Kila mlinzi alimwambia mwenzake kwa mdomo wakati wa kukabidhiana, kila mmoja akadhani ni mara ya kwanza. Tulijua baadaye, kwa bahati, tukinywa chai. Hakuna lililotokea, na mpaka leo sijui alikuwa nani. Tangu siku hiyo siamini kitu ambacho hakiko kwenye daftari.

Daftari nyingi zimejaa sentensi kama hii: "Mtu wa mashaka alionekana nje." Sentensi hiyo haimsaidii yeyote. Linganisha na hii:

"Jumanne, saa 4:20 asubuhi. Mwanamume, miaka kama 35, ananizidi urefu kidogo, shati la bluu la mikono mirefu, kovu juu ya nyusi ya kushoto. Kituo cha basi mkabala na geti la bidhaa. Mabasi matatu yalipita, hakupanda. Saa 4:35 lori la maji lilipofika alielekeza simu getini mpaka lilipomaliza kukaguliwa, akaandika kitu. Saa 4:50 aliondoka kwa miguu kuelekea mzunguko wa barabara, akapanda gari dogo jeupe lililokuwa likimsubiri. Namba sikuiona yote, inaishia na K."

Soma tena pale lori lilipofika. Mlinzi huyu hakutoa hukumu yoyote, lakini ametuambia kwamba mtu yule hakuwa na haja na jengo, alitaka kuona ukaguzi wa lori. Kwa mpelelezi wa polisi, mstari huo ni dhahabu.

Kwa sura, andika visivyobadilika kabla ya vinavyobadilika. Shati huvuliwa, kofia hutupwa. Kovu, mwendo, masikio, namna ya kuinamisha bega huja kesho pia. Kwa gari, andika rangi, aina, mbonyeo au mkwaruzo, na sehemu yoyote ya namba uliyoishika.

Na jambo dogo linaloharibu ripoti nyingi: saa. Sisi tunasema saa nne asubuhi, kamera inasema 10:00. Kubalianeni mtumie saa ipi daftarini, mkaiandike kwenye jalada, la sivyo atakayetafuta video atatafuta saa sita mbali na ukweli.

Hatua ya 8: Ripoti kwa anayehusika

Ripoti siku hiyo hiyo kwa msimamizi wako na kwa polisi kwa namba ya dharura au ya kuripoti ugaidi ya nchi uliyopo. Iwe imebandikwa mezani, isitafutwe kwenye simu mikono ikitetemeka. Hifadhi video upesi, maana mifumo mingi ya kamera hujifuta yenyewe baada ya siku kadhaa.

Usiitume picha ya mtu kwenye makundi ya WhatsApp. Ukiwa umekosea, umemweka mtu asiye na hatia mikononi mwa umati wenye hasira. Ukiwa umepatia, umemjulisha mviziaji kwamba mmemjua, na polisi watamkosa.

Usingoje uhakika. Mwaka 2006 karani wa duka moja huko New Jersey aliletewa video ili aihamishie kwenye DVD, akaona ndani yake watu wakifyatua bunduki huku wakiita jihadi. Alisita, hakutaka kumsingizia mtu, kisha akaripoti. Mei 2007 watu sita walikamatwa kuhusiana na njama ya kuwashambulia wanajeshi wa kambi ya Fort Dix. Kazi yake ilikuwa kusema alichokiona. Kuthibitisha ilikuwa kazi ya wengine.

Hatua ya 9: Ukidhani unafuatwa wewe

Usiende nyumbani. Nenda penye watu na mwanga, kituo cha polisi kikiwa karibu ndicho bora. Endesha au tembea kwa mwendo wako wa kawaida, usikimbizane, usifanye mbinu za sinema. Piga simu ukiwa njiani, sema uko wapi na gari gani linakufuata. Kila siku, badilisha saa ya kutoka na njia ya kupita. Wanaovizia watu hupenda mlango wa nyumbani na wa kazini, kwa kuwa huko ndiko ratiba ya mtu haibadiliki. Simu yako ikikuarifu kwamba kifaa cha kufuatilia kisicho chako kinatembea nawe, kitafute kwenye begi na chini ya gari, ukipeleke polisi kama kilivyo.

Hatua ya 10: Daftari liishi

Mara moja kwa juma mtu mmoja asome kurasa zote za zamu zote pamoja, akitafuta kinachojirudia: kovu lile, gari lile, swali lile. Bila msomaji, daftari ni karatasi tu. Kurasa zenyewe zihifadhiwe kwa miaka, kwa kadiri sheria ya faragha ya mahali inavyoruhusu. Kumbuka picha za 1993 na lori la 1998.

Na mlinzi aliyeripoti arudishiwe jibu, hata kama yule mtu alikuwa mpima ardhi wa halmashauri. Aambiwe mbele ya wenzake: ulichoandika kilisomwa, tulifuatilia, alikuwa mpima ardhi, asante, endelea. Aliyenyamaziwa mara mbili hataandika mara ya tatu.